Siku Pikipiki Yangu Ilipopelekwa Mahari Ilagala

Mtu akitaja Ilagala mbele yangu mimi huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, hata kama siku hiyo nimevaa ndala. Wenzangu wa Bangwe wanaijua sababu na huitaja makusudi, tena kwa sauti, basi nimeona bora niieleze mwenyewe kutoka mwanzo, maana kila anayeisimulia anaongeza lake (kuna mmoja anasema nilivalishwa kilemba, huyo ni mwongo, kilemba hakikuwepo).

Mimi naitwa Sele na ni mtu wa aibu tangu utotoni. Shuleni mwalimu akiuliza swali, hata kama jibu ninalo, nilikuwa naomba Mungu mwalimu amwone mwingine. Nilipomaliza darasa la saba nikaingia mwaloni, pale maboti ya wavuvi yanapopumzika mchangani, nikawa naanika dagaa, kazi ambayo uzuri wake ni kwamba dagaa hawamuulizi mtu kitu. Nimeanika dagaa miaka minne, nimewageuza juani na kuwakimbiza mvua ikija, ndipo nikanunua pikipiki. Ndogo, nyekundu, ilishatumika na watu wawili kabla yangu, lakini ilikuwa yangu.

Ilikuja na siti iliyochanika na taa yenye mwanga kama wa kibatari. Nikaanza kuitengeneza kidogo kidogo. Nikaweka siti mpya ya kung'aa, nikaweka taa nyeupe kali, nikaweka vioo viwili vya pembeni, halafu nikaweka honi ya lori (fundi alinionya kwamba honi ile ni kubwa kuliko pikipiki yenyewe, sikumsikiliza). Kila asubuhi niliiosha kwa maji ya ziwa na sabuni ya unga mpaka mama yangu akaniambia, "Sele, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha chetu, "ungekuwa unaoga wewe hivyo unavyoiogesha hiyo, ungeshapata mke."

Sasa kitu kikipendeza kinapendwa na wengi. Ndani ya wiki moja ziliibwa pikipiki mbili mtaani kwetu, moja nje ya duka, nyingine mwenyewe akiwa anasali. Mimi usingizi ukaisha. Nikawa naiingiza chumbani, nalala kichwa kikiwa karibu na bomba la moshi, mama analalamika harufu ya petroli kwenye ugali. Mwishowe nikanunua mnyororo wa nanga kutoka boti lililokufa, mnene kama kifundo cha mkono wangu, na kufuli jipya kubwa. Yule muuza kufuli alinicheka akasema, "Dogo, hili ukipoteza ufunguo wewe mwenyewe utahama mji." Nikaufunga ufunguo kwenye uzi nikauvaa shingoni, nikajiona mjanja kuliko wote Bangwe.

Siku yenyewe nilikwenda mwaloni asubuhi kukarabati chanja zangu za kuanikia. Ilikuwa wakati wa mbalamwezi, na wote wa kwetu wanajua mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaendi ziwani, maboti yanalala mchangani hata siku saba na kunguru wanayakalia. Nilitafuta pa kuifunga pikipiki. Mti hakuna, nguzo hakuna, ni mchanga tu. Nikaliangalia boti la Nahodha Kashindi, boti kubwa la mbao, puani lina pete ya chuma iliyopigwa nati mpaka ndani. Nikajisemea, mwezi mkubwa huu boti litakwenda wapi? Nikapitisha mnyororo kwenye gurudumu na fremu, nikaufunga kwenye ile pete, kufuli likalia kwaa, nikaenda kunywa chai.

Sikujua kwamba Nahodha Kashindi, kwa kuwa havui wiki ile, alikuwa amelikodisha boti lake kwa watu wa Ujiji waliokuwa wanapeleka mahari Ilagala.

Chapati ya pili ilikuwa mdomoni niliposikia vigelegele. Nikachungulia nje ya kibanda. Watu kama arobaini, wanawake wote wamevaa kitenge cha aina moja, masanduku vichwani, mbuzi wawili, ngoma, na wote wamesimama wanaitazama pikipiki yangu.

"Mwenye pikipiki ni nani?" Nahodha akapiga kelele.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Mtu mwingine angetoka akasema ni mimi, samahani, yakaisha. Mimi nilitazama yale macho yote nikasema ngoja kwanza watazame pembeni, halafu nitoke polepole. Hawakutazama pembeni. Nahodha akaita tena, akaita ya tatu, mpaka mama mmoja mnene, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Shangazi Mwajuma, shangazi yake bwana harusi na mkubwa wa msafara, akasema, "Kama haina mwenyewe ni ya wizi hiyo. Itupeni ziwani tuondoke!"

Nilitoka mbio na chapati mkononi.

"Kumbe ni huyu!" "Mwanangu, umelifunga boti la watu kama mbuzi?" "Fungua, upepo utatukuta njiani!" Kila mtu alikuwa na lake. Nikavua ufunguo shingoni nikauingiza, kufuli lilikuwa limeingia mchanga, likakataa, nikakaza, watu wakasema fanya haraka, nikakaza kwa nguvu zangu zote, na ufunguo ukakatika. Nusu ukabaki ndani ya kufuli na nusu kwenye vidole vyangu.

Nikamwonyesha Nahodha ile nusu.

Walileta jiwe, wakaligonga kufuli, jiwe likapasuka. Walileta panga, nikawaomba waache. Mtu mmoja akasema ing'olewe ile pete, Nahodha akasema atakayegusa pete yake atang'olewa yeye. Msumeno wa chuma haukuwepo karibu. Nahodha akaangalia ziwa, akaangalia jua, akasema neno ambalo sitalisahau: "Pakieni na pikipiki."

Wanaume sita wakainyanyua wakailaza puani mwa boti na mnyororo wake. Na mimi nikapanda, ningefanyaje? Ningebaki Bangwe nikiipungia mkono?

Njiani mawimbi yalikuwa yanarusha maji puani. Nilikuwa nimejikunyata naifuta siti kwa shati, mpaka Shangazi Mwajuma akanionea huruma. "Usinune, mwanangu, safari ya heri haina nuno." Akatoa kanga mbili mpya kwenye furushi lake, akaifunika pikipiki vizuri ili isilowe, na mwenzake akazifunga juu kwa utepe uliobaki kwenye masanduku. Nikasema ahsante shangazi. (Nilisema kwa moyo kabisa. Laiti ningejua.)

Tulifika Ilagala mchana. Ufuko umejaa watu wa upande wa bibi harusi, ngoma inaitika ngoma. Boti linaingia kwa pua, na puani kuna nini? Kuna kitu kikubwa kimefunikwa kanga mpya, kimefungwa utepe, na gurudumu moja limechungulia nje. Nilisikia mtoto akisema, "Wameleta pikipiki!" na neno lile likaondoka ufukweni likatangulia kijijini kabla hatujashuka.

Mikeka ilitandikwa palepale karibu na maji, chini ya turubai, maana nyumba ya baba wa binti iko jirani na ufuko. Mzee Shabani mwenyewe, baba wa binti, alikuwa mtu mrefu, mwembamba, kanzu nyeupe pee. Mshenga wetu akaanza kutaja vitu kimoja kimoja: vitenge, sanduku, mbuzi wawili, blanketi la mama. Mzee Shabani alikuwa anaitikia tu, macho yakiwa kwenye boti. Mshenga alipomaliza, mzee akauliza, "Na hicho chenye gurudumu mmekifunika, mnakionea aibu?"

Mshenga akamtazama Shangazi Mwajuma. Na Shangazi Mwajuma, mtu ambaye nasikia hajawahi kukosa jibu maishani mwake, siku ile alikosa, akapiga kigelegele. Basi ufuko mzima ukaitikia! Wa kwetu wanapiga kigelegele kwa kuchanganyikiwa, wa kwao wanapiga kwa furaha, na mimi katikati nimekaa kama gunia la mihogo.

Shangazi akaniinamia sikioni. "Nyamaza kwanza. Tukikana mbele za watu tumeaibika na posa imeharibika. Tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, shangazi?" nikanong'ona. "Pikipiki inabaki huku!"

"Nyamaza, Sele."

Wakamleta fundi na msumeno wa chuma. Kila alipokata mimi nilisikia mgongoni. Mnyororo ule ulimtoa jasho (hilo naomba lijulikane, haukuwa mnyororo wa mchezo), lakini ukakatika. Vijana wanne wakaibeba pikipiki mpaka mbele ya mikeka, wakavuta kanga, siti ikang'aa juani, watu wakasema "Aaaa!" Mzee Shabani akakunja kanzu yake, akapanda, akashika usukani. Alipendeza kweli, siwezi kusema uongo. Akajitazama kwenye kioo cha kulia, akajitazama cha kushoto. Kisha akanyoosha mkono.

"Ufunguo wake?"

Ufunguo wa kuwashia ulikuwa mfukoni mwangu. Mshenga akatazama chini. Shangazi Mwajuma akanitazama mimi, na macho yake yalisema mpe. Niliingiza mkono mfukoni, nikaushika, na nikakumbuka mikono yangu ilivyokuwa inanuka dagaa miaka minne, hata siku ya Idi. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

"Mzee, hii pikipiki ni yangu. Haikuja kuoa."

Kuna mtu alicheka halafu akajizuia. Nilijua nikikaa sasa sitasimama tena mpaka kiama, basi nikaendelea, na yalitoka yote bila nukta, mwezi mkubwa na boti na kufuli na mchanga na ufunguo uliokatika na chapati na kanga za shangazi za kuzuia maji, nikasema hawa watu hawakudanganya, walishindwa tu kukuvunja moyo, na mimi pia nilishindwa, lakini mzee hii kitu nimeianikia dagaa miaka minne na sina nyingine. Katika maisha yangu sijawahi kusema maneno mengi namna ile, hata nikiyajumlisha ya mwaka mzima.

Mzee Shabani hakushuka kwenye pikipiki. Shangazi Mwajuma alikuwa ameshajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Dagaa miaka minne?" mzee akauliza.

"Ego, mzee." (Nilitaka kusema ndiyo, Kiha kikanitoka chenyewe.)

"Na hao wakubwa wako walikwambia unyamaze?"

Macho yangu yakamwendea Shangazi. Mzee akamgeukia mshenga. "Mimi sikuomba pikipiki. Niliomba binti yangu aende kwa watu wanaosema kweli. Leo aliyesema kweli ni huyu tu, na wala si wa kwenu!" Mshenga akapiga magoti, Shangazi akasema tusamehe baba, na nikaona posa ya watu inataka kuvunjika kwa sababu ya kufuli langu. Nikajikuta nasema tena, mimi Sele, mara mbili kwa siku moja: "Mzee, kosa la kwanza ni langu. Boti ndilo nililolifunga. Usiwaadhibu wao."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na watu wakaona ruhusa imetoka, wakacheka wote, mpaka Shangazi Mwajuma akafunua uso.

"Lakini nimeshapanda," mzee akasema akijifuta machozi, "na kijiji kizima kimeniona. Nikishuka hapa hapa nitachekwa mpaka nizikwe. Kijana, kaa mbele. Nizungushe Ilagala nzima halafu unishushe mlangoni kwangu kama mwenye mali."

Nikakaa mbele. Nikapiga kiki, ikawaka mara ya kwanza. Tukapita sokoni, tukapita msikitini, tukapita kwenye mashine ya kusaga, mzee ananiambia "Honi! Piga honi!" na ile honi ya lori ikalia mpaka kuku wakaruka paa, watoto wanakimbia nyuma, wanawake wanatoka na miko mikononi wanashangilia, na yeye nyuma yangu anapunga mkono kama kiongozi. Mimi niliyekuwa naogopa macho ya watu arobaini nilitazamwa na kijiji kizima na sikuinamisha kichwa. Niliongeza mwendo kidogo. Tulizunguka mara mbili kwa sababu mara ya kwanza jirani yake fulani hakuwepo nyumbani.

Mahari ikapokelewa. Kesho yake nikarudi kwa barabara, nikapitia Simbo, na dumu la mawese nyuma ya siti, zawadi ya mzee kwa mama yangu. Shangazi Mwajuma aliniachia zile kanga mbili, akasema hawezi kuzitazama tena.

Bangwe walinicheka wiki mbili. Pikipiki bado ninayo, na nimenunua kufuli jingine, lakini jamani, naapa mbele yenu: chombo changu hakitafungwa tena kwenye kitu chochote chenye uwezo wa kuondoka kwenda kuposa. Na nikisikia watu wanauliza mwenyewe ni nani, nitakuwa nimeshafika kabla hawajamaliza swali, hata kama chai bado ni ya moto.