Neti ya sukuma wiki yangu

Chekeni haraka kabla sijafuta hii.

Mnamjua jirani yangu hapa Luzira, Papa Eliya, yule Mkongomani anayenyunyizia sukuma wiki majivu kila asubuhi kama padri wa Jumatano ya Majivu? Nimemdharau mwezi mzima. Majivu! Karne hii!

Mimi nilinunua neti ya kuzuia wadudu. Nikafunika sukuma zangu, nikakandamiza pembeni kwa mawe, hata upepo uombe ruhusa.

Leo nikamwita aje ajifunze. Majirani wengine wakasogea. Vizuri, nikasema, darasa lijae.

Nikainua neti.

Vile vijidudu vyeusi vinavyotoboa majani vikanirukia mpaka usoni. Sukuma zimebaki chujio la chai.

Kumbe vilikuwa ardhini. Nilipanda palepale vilipokula msimu uliopita, halafu mimi, profesa, nikavifungia ndani pamoja na chakula.

Papa Eliya hakucheka. Aliyatazama mawe yangu, akasema taratibu: "Mama Shiru, hata jela ya hapo chini haina ulinzi kama huu. Na wafungwa wako wamenenepa."

Majivu yake bado ni ushamba mtupu.

Ameniachia kopo moja mlangoni. Nauliza tu: yanachekechwa kwanza?