Injini ya Kuangalia Nyuma

Mimi nimefundisha watu mingi. Kuna mutu moja ya Adumi nilimufundisha baiskeli, akaingia na baiskeli ndani ya mutungi ya pombe, akatoka upande ingine anaimba, na baiskeli pia ilikuwa inayumba. Huyo alijua kwa siku moja tu. Lakini kufundisha watu ya Koboko kwamba injini ya boti inaweza kuangalia nyuma, hiyo ilinishinda.

Koboko hakuna maji ya boti. Iko vijito vya kuoshea miguu. Sasa boti ilifika namna gani? Mwaka sabini na tisa, wakati serikali ilianguka na jeshi yetu ilikimbia kurudi kwetu, kila mutu alibeba kitu. Mmoja alibeba godoro, mwingine alibeba friji na kwao hakuna stima. Kaka ya Hajji moja pale, yeye alibeba boti. Aliipandisha juu ya lori, akaendesha mpaka nyumbani, akaiweka chini katikati ya boma, halafu wote wakakimbilia Kongo. Walirudi miaka mingi baadaye. Kaka alibaki kaburini kule Kongo. Nyumba ilikuwa imeezuliwa, mlango umeenda, hata mawe ya jiko imeenda. Boti peke yake iko. Nani ataiiba? Ataificha wapi? Mbuzi walikuwa wamezaa ndani vizazi kumi, hata wengine walikuwa wanatembea kama mabaharia.

Mimi hiyo boti nilijua aina yake. Kabla ya vita nilifanya kazi ya jeshi kwa boti kule ziwani, chini ya mzee mmoja fundi aliyekuwa hasemi, anapiga tu mkono yako na spana ukikosea. Herufi sijui mingi, lakini V najua, kwa sababu boksi ya gia wanayoiita V nilibeba kwa mikono. Kwa lori, injini inaangalia mbele, nguvu inatoka nyuma inaenda kwa magurudumu. Kwa boti ya namna hii, injini inakaa karibu na mkia, na imegeuza sura, inaangalia nyuma. Nguvu yake inatoka kwenda mbele, inaingia ndani ya boksi ya chuma iko na gia tatu, pale inakunjwa, inarudi nyuma chini ya tumbo ya injini mpaka kwa propela. Kwenda na kurudi, ndiyo V hiyo. Ni hiyo tu. Ng'ombe akisikiliza mara mbili ataelewa.

Hajji aliniita kutoka Oli, kule Arua, kwa sababu kijana wake alikuwa anaoa msichana wa ng'ambo ya Nile, upande ingine ya Rhino Camp. Na Hajji mdomo yake ilikuwa imemuponza. Aliwaambia wakwe, "Sisi hatupandi mtumbwi. Sisi tutakuja na boti yetu, Jumamosi, kabla ya adhuhuri." Wakwe walicheka, wakasema tutakaa ufukoni tuone. Sasa jina ya Hajji yote, na ya ukoo yake, ilikuwa juu ya hiyo boti. Akasema kwangu, "Afande, hii kitu ikikataa, mimi nitahamia Sudan nikae na nyani."

Nikamwambia, "Hajji, kaa kwako. Nipe siku kumi."

Siku saba nilifungua, nikaosha, nikapaka mafuta. Injini ilikohoa, ikatapika kiota ya panya, ikashika. Koboko nzima ilikuja. Pamoja nao alikuja fundi moja ya lori, mikono kama mapande ya muhogo, kofia yake imelowa grisi mpaka unaweza kukaanga nayo mayai. Akazunguka boti mara tatu. Akanitazama.

"Afande wa maji," akasema, "injini umeweka kinyume."

"Haiko kinyume. Iko V."

"V ni nini?"

Nikakunja mkono yangu mbele yake. "Ona. Hapa bega, ni injini. Nguvu inakuja mpaka kwa kiwiko, hapo ni boksi. Halafu inarudi mpaka vidole, ndiyo propela."

Akashika kiwiko yangu, akainyoosha. "Sasa kama unaweza kunyoosha, unakunja kwa nini?"

Watu wakacheka mpaka mbuzi wakaruka ukuta. Nikaeleza tena. Nikaeleza na kandambili, nikaeleza na mkanda wa suruali, suruali ikaanguka. Yule fundi akawaambia, "Huyu mzee anaendesha na matako." Nimeeleza mpaka sauti yangu ilikauka, nikawa naongea kama bata.

Kosa yangu ilikuwa moja: nilienda Arua. Pale shafti inatoka chini ya boti, iko kamba inapakwa mafuta ya kuzuia maji, na ile ya zamani ilikuwa imeoza. Nilitafuta soko yote siku mbili. Kurudi Koboko, nakuta boti imekuwa kitu ingine. Injini imegeuzwa, inaangalia mbele kama kondoo. Boksi yangu ya gia tatu imetupwa kando ya choo. Fundi ameunga gia ya lori na shafti ya lori, akanyoosha moja kwa moja mpaka kwa propela, na amekaa juu ya injini anakunywa chai.

"Mgonjwa amepona," akasema.

Nikapiga kelele. "Propela sasa itazunguka upande ingine! Mapanga yake yamechongwa kwa upande moja! Hajji, itaenda nyuma hii!"

Hajji alikuwa amevaa kanzu mpya, anaangalia boti na macho ya bwana arusi. "Afande, mimi nimepanda lori maisha yangu yote. Sijaona lori inaangalia nyuma."

"Hii si lori!"

"Basi iko na gia ya lori." Wote wakasema amina.

Alhamisi wakaipakia, tukapita Arua, tukafika mtoni. Nikasema ubao umekauka miaka kumi, iachwe inywe maji siku mbili ndipo ifunge nyufa. Wakaweka tambara. Fundi akapanda, akaweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta. Boti ikaruka nyuma. Iliruka nyuma, wallahi, ikaingia ndani ya mafunjo pwaa! Viboko wawili walitoka wakaenda kushitaki.

Nilifikiri sasa watasikia. Fundi akakuna kofia, akaweka rivasi. Boti ikatoka kwa mafunjo, ikaanza kwenda mbele, pole pole, kama maiti inasindikizwa.

"Unaona?" akapiga kelele. "Inaenda!"

Watu wakapiga makofi. Nikamshika Hajji kanzu. "Hajji, baba yangu, rivasi ni gia ya mtoto. Hapa kando maji yamelala. Katikati maji yako na nguvu. Leo Alhamisi. Nipe lori na siku moja, nirudi Koboko nilete boksi. Jumamosi asubuhi utavuka kama waziri."

Hajji aliangalia maji. Aliangalia boti. Nilimwona anataka kusema ndiyo, mdomo ilifunguka kabisa. Halafu fundi akasema kutoka kule, "Hajji, akifungua na isifungike je?" Mdomo ikajifunga.

Jumamosi tulipanda watu kumi na nane, na mimi niliwekwa mbele kabisa ili nisisemeseme. Bwana arusi amevaa suti na viatu vyeupe. Ng'ambo tuliona wakwe wamesimama, ngoma inalia, wanawake wanapiga vigelegele. Tulienda vizuri mpaka katikati. Pale mto ulitushika shingoni. Injini inalia, moshi inatoka, na boti inaenda kando, kando. Wakwe wakatupungia mkono. Sisi tukawapungia. Halafu tukawapita. Wanatupungia bado, sisi tunazidi kushuka, vigelegele inakuwa kidogo, kidogo, mpaka hatusikii. Fundi alikuwa anakanyaga mafuta na miguu yote mbili.

"Nyamaza wewe!" akanipigia kelele.

"Mimi sijasema kitu!"

"Unafikiri!"

Tulitua ng'ambo, lakini mbali sana, kwa wavuvi. Tukarudi na miguu ndani ya matope, bwana arusi viatu shingoni, Hajji kanzu imekuwa rangi ya samaki. Adhuhuri ilikuwa imepita zamani, jua linaelekea Kongo. Mjomba wa bibi arusi alitupokea na uso mzito.

"Hajji, karibu. Tuliwaona mkipita. Tulifikiri mnaenda kuoa Sudan."

Kicheko hiyo ilisikika mpaka Koboko. Arusi ilifungwa, binti walitoa, lakini Hajji hakuinua macho kutoka kwa sahani. Wakamuuliza shida ilikuwa nini. Na yeye, Hajji huyu niliyemshika kanzu, akaninyooshea kidole. "Ni huyu mzee. Alikuwa anataka injini iangalie nyuma."

Mdomo wangu ulikuwa na nyama. Mpaka nimemeza, wamebadilisha maongezi.

Usiku ule aliniita pembeni. Hakuomba msamaha, mutu mkubwa haombi. Alisema, "Lete hiyo boksi. Weka namna yako. Nitawavusha hawa watu hata mwaka kesho, waone."

Nilifurahi hivi kwamba nilifika Koboko kabla ya lori niliyopanda. Nikaenda kando ya choo. Hakuna. Nikaenda kwa fundi. Gia tatu ziko kwa dirisha, zimewekewa maua.

"Boksi iko wapi?"

"Ile chuma? Nilikata na moto. Nilitaka beringi ya gurudumu." Akanionyesha toroli yake mpya ya kubebea mchanga. Akaisukuma. Ilienda laini, bila kelele, toroli nzuri kuliko zote West Nile.

Nilikaa chini. Fundi akavua kofia, akakaa karibu na mimi.

"Afande," akasema, na mara hii hakucheka, "ile gia ya katikati, kazi yake ilikuwa nini?"