Mtoto wa Mbwa wa Sajini

Wanangu, hasa ninyi mnaoleta vitoto vya mbwa kwangu na kuviweka chini ya bomba, nisikilizeni kwanza.

Nakumbuka asubuhi moja ya enzi za wanajeshi, nikiwa mke mchanga pale mtaa wa mafundi wa Katwe, mume wangu akiwa fundi wa kufua masufuria ya bati. Sajini mmoja jirani alikuwa amemwachia mume wangu kitoto cha mbwa cha wiki tano, akasema anasafiri siku tatu, akirudi akikute kizima. Hakusema zaidi. Miaka ile mwanajeshi hakuhitaji kusema zaidi. Mafundi wawili wa mtaa wetu walikuwa wamepandishwa gari na hawakurudi.

Siku ya tatu nikaona viroboto wanamtembea tumboni. Nikasema sajini asije akatuona wachafu. Sabuni ya dukani ilikuwa imepotea mjini, basi nikachukua ile kali ya magadi tuliyokuwa tukipika wenyewe, nikamtumbukiza kwenye beseni la maji ya bomba, nikamsugua hadi kichwani. Nikamweka kwenye saruji akauke, nikaenda kuwasha sigiri, jiko letu la makaa.

Niliporudi alikuwa amelegea kama kitambaa. Wa baridi, ufizi mweupe. Mwanangu, nikamwinua na kumtikisa. Wazee husema mwosha huoshwa. Akilini nilimwona mume wangu maiti kabla hata mbwa hajafa.

Mama Zawadi, mzee Mkongo aliyeuza vitenge mlango wa pili, akanipokonya yule mnyama. Akamsuuza sabuni kwa maji vuguvugu, akamkausha kwa kitenge chake, akamtia kifuani ndani ya blauzi.

"Weye ulikuwa unaosha mbwa," akaniuliza, "ao unaosha woga yako?"

 

Adhuhuri mbwa akapiga chafya. Jioni sajini akaja, akamwinua, akamnusa, akacheka kwamba ananukia sabuni, tumemlea kike, akaenda zake. 

Mwanangu, hofu ikikushika mkono, usishike kiumbe kidogo. Mtoto wa mbwa hana joto la akiba. Mfute kwa kitambaa cha maji vuguvugu, viroboto watoe kwa chanuo, mkaushe mpaka nyuma ya masikio, na usimwache peke yake. Mungu awape mikono isiyotetemeka.

Na katika nyumba hii, hakuna atakayeosha mtoto wa mbwa kabla sijayapima maji kwa kiwiko changu mimi.