Mfugaji wa Pili

Jua la kijiji cha Kwedizinga lilikuwa limeshaanza kuchoma, na ng'ombe wa Nanyori, mwanamke mfugaji, walikuwa bado wamefungiwa katika zizi la Sabiri tangu alfajiri, bila maji, kwa kosa la kula mahindi yake. Ndama walilia mpaka sauti zikakauka. Vijana wa kifugaji walisimama upande mmoja wa njia na fimbo zao, wakulima upande wa pili na mapanga. Kati yao alisimama Bi Mwanaisha, ambaye kijiji kilimpa kazi ya kupima hasara za mashamba. Sabiri alikuwa mtoto wa kaka yake.

"Shangazi, ingia shambani uone walivyonimaliza."

"Asiingie!" Nanyori alisema. "Mama, wewe ni wa kwao. Nikuamini kwa lipi?"

"Kwa haki yangu. Nani haijui?"

"Nitajie mfugaji uliyempa haki hiyo."

"Nkoitiko. Mwaka ule wa ukame nilisema ng'ombe wake hawana kosa, wakaachiwa." Jibu lilimtoka upesi, naye akajiona ametakata.

"Mwingine?"

Mwanaisha alifungua kinywa. Akayapitia mashamba ya bondeni, akayapitia ya kisimani. Wakulima walimjia akilini wenyewe, majina na nyuso. Mfugaji wa pili hakuja.

"Bibi anatafuta," kijana mmoja alicheka. "Tumwashie tochi?"

"Funga domo!" Sabiri alifoka, na panga likapanda kidogo.

Kusahau si ushahidi wa dhuluma. Huenda wengine walikuwapo. Lakini anayejiita mwadilifu kwa kisa kimoja anachopenda kukisimulia harusini, amejipa hukumu kwa shahidi mmoja, tena wa kujichagulia. Mwanaisha aliliona hilo siku hiyo, likamtisha kuliko mapanga.

"Wapelekewe maji kwanza," alisema. "Kisha Nanyori ataingia shambani pamoja nami."

"Mfugaji akapime? Haijapata kutokea!"

"Ndiyo maana sina wa pili wa kumtaja."

Miaka yote alitazama ukingoni tu: palipo na mavi na kwato, shamba lote lilihesabiwa kuliwa na ng'ombe. Safari hii wanawake hao wawili walizifuata kwato mstari kwa mstari. Ziliishia katikati. Kutoka hapo mahindi yalikuwa yamelazwa, udongo umefukuliwa, na nyayo zilikuwa ndogo. Nguruwe pori. Nanyori alizionyesha kwa kidole.

"Nusu ya chini ya shamba wamekula ng'ombe," Mwanaisha alitangaza walipotoka. "Hiyo, Nanyori, utailipa. Ya juu ni nguruwe. Sabiri, fungua zizi."

"Shangazi, umenivua nguo mbele ya watu."

"Fungua."

Sabiri hakusogea. Panga lilikuwa mkononi, na hakuna aliyecheka tena. Mwanaisha akampa mgongo, akaliendea zizi mwenyewe, akaanza kuvuta magogo ya mlangoni.