Friji Nayo Ilifunga

Leo nimefungua friji iliyokaa stoo bila umeme, na ile harufu yake ya kufungiwa imenirudishia hasira ya utotoni.

Mama alikuwa msusi. Katika chumba chetu cha kupanga, mtaani Berea, aliamini kila kilichochomekwa ukutani kinakula umeme hata kikiwa kimezimwa. Alichomoa televisheni, chaja, pasi. Nilimweleza kwamba kile kitaa chekundu cha televisheni kinakula kidogo mno. Nilikuwa naongea na ukuta.

Kisha kanisani wakatangaza mfungo wa siku tatu. Kabla hatujatoka kwenda kwenye maombi, akachomoa friji.

"Mama, mle kuna sombe, majani ya muhogo niliyoyatwanga mwenyewe, na samaki wa kufungulia."

"Nani atakula sasa? Sisi tunafunga, nayo ifunge."

Tuliporudi siku ya tatu kufungulia, maji ya kijani kutoka kwenye friji yalikuwa yamefika kwenye zulia na uvundo ukatutoa hadi kwenye korido. Nilitaka kulia. Mama alienda kwanza kuangalia mita.

"Eish, umeme umebaki mwingi," akasema, ameridhika kabisa.

Tulifungulia chai ya rangi na mkate. Birika lilipochemka tu, kabla hajamimina, akalichomoa.