Nilivyomlisha Kamba Mkizi Aliyekwisha Kufa

Naanza na aibu yenyewe, niitoe kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa wengine: ni mimi niliyemlisha kamba mkizi aliyekwisha kufa, wala haikuwa bahati mbaya, nilimlisha kwa kijiko. Chekeni mmalize, kisha nieleze.

Mimi na Mwanamisi tuko kidato cha tatu hapa Msambweni, na klabu ya sayansi ilitupa kazi ya kuchunguza samaki wa pale mto unapokutana na bahari, kwenye mikoko upande wa Funzi, wanakula nini. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na chafu kuifanya. Kila Jumamosi mjomba wangu alituachia samaki wachache wa wavu wake, tukawapasua matumbo, Mwanamisi akaandika kilichomo. (Mimi nilikuwa msemaji. Kila kazi ya maana huwa na msemaji.) Tulifanya hivyo wiki nane. Chewa hakutuangusha hata siku moja, tumboni mwake utakuta kaa, utakuta kamba, utakuta visamaki vizima vinakukodolea macho. Chaa alikuwa na minyoo. Lakini mkizi, jamani, mkizi kila wiki ni tope, na Mwanamisi anaandika "tope" kwa hati nzuri kama anayeandika barua ya posa.

Siku ya wazazi ikafika, na mgeni mmoja mpole mwenye miwani akaja kuchagua kazi moja tu ya kwenda mashindano ya kaunti. Mwanamisi alikuwa ameitaka nafasi ile tangu kidato cha kwanza, hata mamake alimshonea sketi mpya. Ratiba ilitutaka tupasue samaki mbele ya watu, na asubuhi ile wavu wa mjomba ulitoa mkizi wawili basi. Nikawaza, nani atapigia makofi tope? Jikoni kulikuwa na bakuli la kamba. (Mama yangu ni mama karanga, hukaanga samaki pale kituoni, na kamba wale alikuwa amewatia chumvi, ndimu, kitunguu thomu na bizari tangu alfajiri.) Nikachukua watatu. Nikawasuuza, wallahi niliwasuuza! Mdomo wa mkizi ni mdogo kama tundu la kifungo, kamba hawakupita, basi nikawapitishia kwenye matamvua na kuwasukuma kwa mpini wa kijiko mpaka tumbo likatuna kama la bwana harusi.

Mwanamisi sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi.

"Mabibi na mabwana," nikatangaza mbele ya ukumbi mzima, "mkizi huyu mnayemwona mpole ni mwindaji hatari!" Kisu kikapita, kamba watatu wakateleza kwenye sinia, wamejikunja, wa manjano kama embe dodo. Makofi yakalipuka. Nikainama kuyapokea. Mwanamisi hakuinama, alinitazama kama mtu anayeona nyumba yake inaungua.

"Hongera," akasema mgeni. "Lakini kijana, kwa mdomo huu amewamezaje?"

Hapo mtu mwenye akili angeumwa na tumbo ghafla akatoka. Mimi nikamjibu, "Hutanuka, bwana. Akikasirika." (Si wote tunazijua hasira za mkizi?)

"Na meno yake yako wapi?"

"Huyaficha."

Mwalimu Kilonzo wa bayolojia akajifunika uso kwa faili. Mgeni akamwinua kamba mmoja, akamnusa, akamnusa tena polepole.

"Huyu ana thomu."

"Hamadi!" Sauti ya mama iliniita kutoka safu ya tatu, nami sikuhitaji kugeuka. "Kumbe ni wewe uliyeingia kwenye bakuli langu!"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaangusha bakora. Mgeni peke yake hakucheka. Akafunga karatasi zake, akasema, "Kazi yenye udanganyifu siwezi kuipeleka kaunti," na kicheko kikakatika kama maji yaliyofungiwa mfereji. Mwanamisi alikuwa analia bila sauti, kisu bado kiko mkononi mwangu. Nikamgeukia mgeni. "Ni mimi peke yangu. Mwanamisi hakujua. Angalia daftari lake, bwana, wiki nane zote mkizi ni tope."

Mgeni akalifungua, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, halafu akamgeukia mama. "Mama, wewe unawajua samaki. Wasemaje?"

"Tope, baba," mama akajibu. "Tope na ule ukijani unaoota kwenye mizizi ya mikoko. Utumbo wake mrefu kama kamba ya kisima, na usipomsafisha vizuri mteja anatafuna mchanga. Ukitaka aliyekula kamba mpasue chewa."

Mwanamisi akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akaninyang'anya kisu, akampasua mkizi wa pili. "Tope," akasema, akaanza kueleza kwa nini, dakika kumi nzima, na makofi aliyopigiwa yalishinda ya kamba wangu mara mbili. Kazi ikaenda kaunti ikiwa na jina moja. La kwangu Mwanamisi alilikata mwenyewe, kwa kalamu nyekundu na rula.

Tangu siku ile nimeapa, samaki aseme mwenyewe alichokula, mimi nitashika sinia tu.

Nyumbani nilitarajia kuchapwa mwiko. Mama aliniacha nikala nikamaliza, akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akasema:

"Kamba nimekusamehe, na uongo utamjibu Mola wako. Lakini wewe ni mtoto wa mama karanga, miaka kumi na sita unamla mkizi, na hujui yeye anakula nini? Hilo watu nitawaambiaje?"