Kigari cha Kugeuza Mahindi

Naikumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, hapa hapa Songea, baridi inauma na mahindi yameanikwa uani. Niruhusu nikuite mwanangu ingawa mvi sina. Nimehitimu juzi tu, lakini wewe ndiyo kwanza unaanza masomo ya kompyuta, na aliyetangulia humwonyesha mwenzake penye utelezi.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Katika somo la lugha za programu, wenzangu waliandika nami bado nachagua niandike kwa lugha ipi. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Walinisema mimi.

Mwaka wa mwisho nilikuwa natengeneza roboti: kigari chenye reki, cha kugeuza mahindi juu ya turubai yakauke sawasawa. Kikinishinda, sihitimu. Basi likizo yote kigari kikakaa kwenye boksi, mimi nimejifungia ndani nakichora kinavyotembea kwenye skrini. Somo la michoro nalo lilikuwa limenikolea. Hata kivuli nilikiwekea.

Mama mkubwa, aliyenilea, akaja na uji, akasimama nyuma yangu.

“Kizuri. Sasa hicho cha kwenye kioo kinageuza mahindi ya nani?”

“Bado kina makosa, mama.”

“Makosa hayo yanaogopa jua? Yatoe nje tuyaone.”

Nikatoa. Kigari kikazunguka kama kilichopagawa, kikarusha mahindi hadi kwenye majani. Kuku wakaja mbio. Mama mkubwa akacheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka, akaendelea kuyageuza kwa miguu yake, akiiburuta taratibu kama afanyavyo kila mwaka.

“Leo umewalisha kuku,” akasema. “Kesho tena.”

Kesho yake kikanasa kwenye mkunjo wa turubai, maana turubai la kwenye skrini halikuwa na mikunjo. Siku nyingine punje zikabana magurudumu. Jirani yetu, Baba Asha, akawa anachungulia juu ya ua: “Mhandisi! Leo kuku wanakula saa ngapi?”

“Mwache, Baba Asha,” mama mkubwa akamjibu. “Mwanao hajalisha hata kifaranga.”

Kujikwaa si kuanguka, mwanangu, bali ni kwenda mbele.

Siku ya kuonyesha kazi chuoni, kigari kilisimama katikati ya turubai, walimu wote wakitazama. Zamani ningelia. Mwalimu akauliza, “Kimepatwa na nini?” Nikainama, nikanyoosha mkunjo, kikaendelea. Kisha nikawaeleza kila mahali kinapokwama na nilivyokirekebisha, kwani kote huko nilishakiona kikikwama uani kwetu. Nikafaulu.

Nilipompigia simu kumshukuru, mama mkubwa aliuliza kama nimekula.

Basi shika hili. Kazi yako itoe nje ingali mbichi, mbele ya watu wanaokupenda, ione jua na mikunjo. Hofu niliyokuwa nayo haijaniisha. Hata barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Lakini nimeituma.

Mungu akupe akili tulivu, moyo usioogopa kuchekwa, na mtu wa kukucheka huku anakuletea uji. Kigari chako kikikataa, miguu unayo.